Upepo, mawe ya kusagia na ile namba iliyofichwa

Wandugu wasomaji, leo nitatoka kidogo nje ya shamba langu. Lisansi yangu ni ya kilimo, si ya umeme, na wenzetu wa politekniki wanaosoma ukurasa huu wako na ruhusa ya kunisahihisha hapo chini. Lakini hii historia imenikamata kwa sababu ya mota moja iliyoungua, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nasimamia mashine ya kusaga ya kikundi kimoja cha wamama kule uwanda wa Ruzizi. Mota ya fazi tatu, si kubwa, lakini kwa kijiji kile ilikuwa kila kitu. Tatizo lilikuwa disjonkta. Umeme ukitikisika kidogo tu, inakata. Ikikata, lazima mtu aende kuirudisha kwa mkono, na wamama wako na mafungu ya mihogo wanangoja kwa jua. Siku moja nikachoka. Nikamwambia fundi airuke, aunganishe waya moja kwa moja. Wiki tatu tulisaga vizuri sana, na watu wakanisifu. Kisha jioni moja umeme ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, mara nne au tano hivi, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Mara ya mwisho ikatoka ile harufu ambayo mtu akiisikia mara moja hawezi kuisahau. Bobinaji ya ile mota ilikula akiba ya miezi.

Mwenyekiti wa wamama hakunigombeza. Aliniuliza tu: « Agronomu, sasa mashine ilipashwa kuvumilia mara ngapi? » Sikuwa na jibu. Nilipoanza kulitafuta nikaangukia kwenye habari ya jimbo moja la Australia ambalo lilizimika lote mwaka 2016, na sababu mojawapo ilikuwa swali lile lile la mama: mashine inavumilia mara ngapi kabla ya kujitoa. Na kumbe, ukifuata hilo swali nyuma, unafika tena kwenye mashine ya kusaga.

Tuanzie hapo basi, Uingereza, karne ya 18. Vinu vya upepo vilikuwa na shida ambayo msagaji yeyote anaielewa. Upepo ukizidi, jiwe la juu linazunguka kwa kasi na linataka kupanda, nafasi kati ya mawe mawili inapanuka, unga unatoka mbovu. Upepo ukipungua, mambo yanageuka. Kwa hiyo mafundi wa vinu walitengeneza kifaa cha mipira miwili ya chuma inayoning'inia kwenye mhimili unaozunguka. Kasi ikiongezeka, mipira inatanuka kwenda nje na kuvuta wenzo unaoshusha jiwe. Kasi ikipungua, mipira inaanguka ndani. Mwaka 1787 Thomas Mead alipata hataza ya kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya vinu vya upepo. Mwaka uliofuata Matthew Boulton alikiona kikifanya kazi Albion Mills, kiwanda cha unga cha London kilichoendeshwa kwa mvuke, akamwandikia mshirika wake James Watt. Watt akakiweka kwenye injini ya mvuke, na dunia ikakiita cha Watt, ingawa yeye mwenyewe hakudai kukivumbua.

Mimi nilifurahi nilipojua hilo. Shuleni walitufundisha injini ya mvuke kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Kumbe akili ya kujidhibiti ilitoka kwa wasagaji, watu wa unga, na adui wao alikuwa upepo.

Lakini kile kifaa kilikuwa na ugonjwa. Injini zilipokuwa kubwa na zilipotengenezwa laini zaidi, mwendo ulianza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, bila kutulia. Mafundi wa Uingereza waliita hali hiyo kuwinda, kama mbwa anayekimbia huku na huku akinusa. Fikiria dereva wa Fuso kwenye matope ya msimu wa mvua. Lori linaenda kushoto, yeye anakata usukani kulia, lakini anachelewa nusu sekunde, na anakata kwa nguvu sana. Sasa lori liko kulia zaidi kuliko lilivyokuwa kushoto. Dereva si mvivu. Tena anafanya kazi kupita kiasi. Dawa yake njo inazidisha ugonjwa. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, yule yule wa sumaku na mwanga, aliandika makala juu ya vifaa hivi na kuonyesha kwa hesabu ni lini mtikisiko utakufa wenyewe na ni lini utakua. Kuanzia pale, utulivu ukawa kitu cha kuhesabu, si cha kuombea.

Sasa niruke mpaka kwenye mtandao wa umeme, kwa sababu bila kuelewa kitu kimoja hapa, habari ya Australia haitaeleweka.

Mitambo ya maji, ya makaa na ya gesi iliyoungwa kwenye mtandao mmoja inazunguka pamoja, kwa hatua moja, kama watu wanaotwanga kinu kimoja kwa mdundo. Kwetu, na kwa Australia pia, mdundo ni hertzi 50. Watu wakiwasha vitu vingi ghafla, mdundo unapungua. Mzigo ukianguka, unapanda. Na kabla kidhibiti chochote hakijashtuka, ule uzito wa vyuma vinavyozunguka unalipa deni la sekunde za kwanza. Rota ya tani nyingi haiwezi kupunguza mwendo kwa mara moja. Wataalamu wanaita hiyo inersia. Kwa lugha ya mtaani ningeiita akiba ya dharura, ile pesa ambayo mama anafunga kwenye kona ya kitenge.

Mitambo mipya ya upepo haina desturi hiyo. Panga zake ni nzito, ndiyo, na zinazunguka, lakini zinazunguka kwa mwendo wa upepo, halafu elektroniki inageuza ule umeme uingie kwenye mtandao kwa hertzi 50. Kati ya uzito na mtandao kuna kompyuta. Mtandao hauhisi uzito ule, isipokuwa kama mtu ameandika kwenye programu kwamba uuhisi. Kwa hiyo kadiri unavyotoa mitambo ya makaa na kuweka ya upepo, akiba kwenye kona ya kitenge inapungua, na maamuzi mengi zaidi yanahamia kwenye mistari ya programu ambayo wewe msimamizi wa mtandao hukuiandika.

Hapo njo inaingia hadithi ya udhibiti stahimilivu. Nimechagua neno « stahimilivu » kwa makusudi, kwa sababu sisi watu wa kilimo tunalitumia kila siku tukisema mbegu stahimilivu.

Miaka ya 1960, kwa kazi ya Rudolf Kalman na wengine, wahandisi walipata njia nzuri sana ya kubuni kidhibiti bora kabisa. Unaandika mfano wa hesabu wa mashine yako, unasema unataka nini, na hesabu inakupa kidhibiti ambacho hakuna kingine kinachokipita. Kwa roketi na safari za anga ilifanya maajabu. Shida ilikuwa kwenye maneno « mfano wa mashine yako ». Kiwandani hakuna mtu anayejua mashine yake kwa usahihi huo. Mwaka 1978 kijana mmoja wa Marekani, John Doyle, ambaye hakuwa amefika miaka 25 wala hakuwa na doktora, alichapisha makala ya kurasa chache. Aliuliza: hivi vidhibiti bora vinatoa dhamana gani ikiwa mfano umekosea kidogo tu? Muhtasari wa makala ile ulikuwa na maneno matatu, na maana yake ni kwamba dhamana haipo. Akatoa mfano ambapo kidhibiti kilicho bora kwenye karatasi kinaanguka kwa kosa dogo kadiri unavyotaka kulifanya dogo.

Wandugu wa agronomia, si mnaijua hiyo? Kuna aina ya mahindi inayotoa mavuno ya ajabu kwenye kituo cha majaribio, yenye mbolea kamili na maji kwa saa. Ukimpelekea mkulima wa mlimani, mvua ikachelewa wiki mbili, anavuna majani. Ile aina iko bora kwa shamba moja tu duniani, shamba lililoko kwenye ripoti.

Jibu lilitoka kwa George Zames. Alizaliwa Poland mwaka 1934, katika familia ya Kiyahudi iliyokimbia vita ikiwa na mtoto, ikapitia Japani na Shanghai kabla ya kufika Kanada. Mwaka 1981 alipendekeza kubadilisha swali lenyewe. Acha kuuliza kidhibiti gani ni bora kwa mashine unayodhani unayo. Chora duara kuzunguka ile mashine, na ndani ya duara weka mashine zote zinazoweza kuwa ndiyo ya kweli: yenye mzigo mdogo, yenye mzigo mkubwa, iliyozeeka, yenye laini moja iliyokatika. Halafu tafuta kidhibiti kitakachobaki kimetulia kwa kila mmoja wa hao, hata yule mbaya kuliko wote. Njia hiyo ikaitwa H-infiniti, na mwaka 1989 Doyle na wenzake Glover, Khargonekar na Francis walitoa hesabu iliyofanya iwezekane kwa kompyuta za kawaida. Sitaki kusema kwamba utoto wa ukimbizi ulimfundisha Zames kutoamini ramani. Hiyo ni mimi kuongeza chumvi. Lakini nimeifikiria.

Kuna bei. Kidhibiti stahimilivu ni kizito kidogo, hakikimbii kama kile kilicho bora. Mbegu ya mkulima wa mlimani haishindi mashindano kwenye kituo cha majaribio. Na kuna sharti ambalo wengi wanalisahau, mimi nikiwa wa kwanza: dhamana inafika mpaka kwenye ukingo wa duara ulilochora. Jambo ambalo hukuliweka ndani ya duara, hesabu haikuahidi chochote juu yake.

Kwa umeme wa upepo, duara ni kubwa sana. Upepo wenyewe unabadilika, hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana ni kwamba mtandao nao unabadilika chini ya miguu ya mtambo. Texas walionja hilo mwaka 2009. Laini moja ilipata hitilafu ikatolewa, na mitambo ya upepo ikajikuta imebaki imeungwa kwenye laini ndefu moja tu, yenye kapasita za kuisaidia kubeba umeme mwingi. Vidhibiti vya mitambo na zile kapasita vikaanza kusukumana, mtikisiko ukakua badala ya kufa, na vifaa vikaharibika ndani ya mitambo. Ni ule ule ugonjwa wa kuwinda wa siku za Maxwell, lakini sasa unatokea kwa kasi ambayo jicho haliwezi kufuata. Vidhibiti vile vilikuwa vizuri kwa mtandao ule waliobuniwa nao. Laini moja ikatoka, wakawa kwenye mtandao mwingine. Kazi nyingi za H-infiniti kwenye mitambo ya upepo zinahusu jambo hili: kumfanya mtambo abaki mtulivu hata mtandao ukigeuka dhaifu ghafla.

Twende sasa Australia ya Kusini, mji mkuu Adelaide. Mei 2016 kituo cha mwisho cha makaa katika jimbo lile, karibu na Port Augusta, kilifungwa. Jimbo lilibaki na gesi, upepo mwingi, na laini za kuunganishwa na jirani yake Victoria, kubwa kati ya hizo ikiitwa Heywood.

Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba kubwa ikapiga. Mchana ule, dakika chache kabla ya tukio, jimbo lilikuwa linatumia megawati 1,826. Kati ya hizo 883 zilitoka kwa upepo, 330 kwa gesi, na 613 zilitoka kwa jirani. Ukiangalia hesabu hiyo unaona kwamba vyuma vizito vinavyozunguka ndani ya jimbo vilikuwa vichache. Hakuna aliyevunja sheria. Umeme wa upepo ulikuwa wa bei rahisi siku ile, na soko likauchukua.

Kimbunga kimoja kikaangusha nguzo za laini mbili za kilovolti 275, na kingine, mbali kama kilomita 170, kikaangusha za laini ya tatu. Kila waya uligusa kitu, na kila mguso ulishusha voltaji ya jimbo zima kwa sehemu ya sekunde. Kwa dakika mbili voltaji ilishuka mara sita.

Mitambo ya upepo ilibuniwa kuvumilia mshuko wa voltaji. Sheria ya mtandao ilidai hivyo, na ilivumilia. Mshuko wa kwanza, ikavumilia. Wa pili, ikavumilia. Lakini ndani ya programu ya mitambo mingi kulikuwa na namba: mshuko ukitokea zaidi ya mara kadhaa ndani ya dakika mbili, acha, jitoe, au punguza sana. Kwa baadhi ya mitambo ile namba ilikuwa mbili tu. Mashamba ya upepo 9 kati ya 13 yaliyokuwa yanafanya kazi yakafika kwenye ile namba. Kwa muda usiofika sekunde 7, megawati 456 zikapotea. Na wasimamizi wa mtandao hawakujua kwamba ile namba ipo. Haikuwemo kwenye mifano ya hesabu waliyopewa.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka kuliko mtu kufikiri. Umeme uliokosekana ulivutwa kutoka kwa jirani. Laini ya Heywood ikajaa kupita uwezo wake, na kinga yake ikaikata ili isiharibike, kama ilivyopaswa. Saa 10 na dakika 18 jioni jimbo likabaki peke yake, likiwa na mzigo mkubwa na akiba ndogo. Frekwensi ikaporomoka karibu hertzi 6 kwa kila sekunde. Ule mfumo wa kukata baadhi ya watu ili kuokoa wengine, delestaji ya kujiendesha yenyewe, upo kwa ajili ya saa kama hiyo, lakini ulibuniwa kwa mporomoko wa polepole zaidi. Haukupata muda. Chini ya sekunde moja, jimbo zima likawa giza. Wateja kama 850,000. Taa za barabarani zilizimika wakati watu wanatoka kazini, katikati ya dhoruba. Wengi walirudishiwa umeme usiku ule ule, lakini mgodi wa shaba wa Olympic Dam, kule kaskazini, ulikaa karibu wiki mbili.

Jioni ile ile wanasiasa walianza. Upande mmoja ukasema upepo njo umetuzima, upande mwingine ukasema ni vimbunga vilivyoangusha nguzo. Ripoti ya mwisho ya msimamizi wa mtandao ilitoka Machi 2017, na nikiisoma naona kwamba pande zote mbili zilikosea swali. Nguzo peke yake hazikuangusha jimbo. Baada ya nguzo kuanguka mtandao ulikuwa bado unasimama. Upepo haukuwa umekosekana, kwani ulikuwa unavuma kuliko siku zote. Kilichoondoa megawati 456 ilikuwa namba ndani ya programu.

Nani aliiweka? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ni rahisi kumtukana yule mhandisi. Kila mshuko wa voltaji unaumiza mtambo: panga zinaendelea kusukumwa na upepo, umeme hauna pa kwenda, joto linapanda, gia zinapata kishindo. Mtu wa kiwandani aliyeweka ile namba alikuwa analinda mashine ya bei kubwa isiungue. Alifanya kile ambacho mimi nilikataa kufanya kule Ruzizi. Mimi niliondoa kinga ili huduma isikatike, nikaunguza mota. Wao waliweka kinga ili mota isiungue, wakazima jimbo. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu nzuri, na kila mmoja alikaa nayo kimya.

Wataalamu watasema kosa lile halikuwa la fomula ya H-infiniti. Ni kweli. Ile namba haikuwa hata kidhibiti, ilikuwa swichi. Lakini kwa maoni yangu ni funzo la Zames kabisa. Wasimamizi walikuwa wamechora duara lao, na ndani yake mtambo wa upepo ni kitu kinachovumilia mshuko. Mtambo wa kweli ulikuwa kitu kinachovumilia mishuko michache halafu kinaondoka. Ulikuwa nje ya duara. Mtu mmoja alijua, na yule aliyehitaji kujua hakuambiwa. Kutojua upepo utavuma vipi kesho kunaweza kuwekwa kwenye hesabu, na watu wameshaweza. Kutojua kwamba hujui hakuna fomula inayokubeba.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi mpaka inachekesha: zile namba zilibadilishwa kwenye programu, na mitambo mingi ikapewa kuvumilia mara nyingi zaidi. Dawa nyingine zilichukua muda. Mwaka 2019 mamlaka ya nishati iliyapeleka baadhi ya makampuni ya mashamba ya upepo mahakamani, hoja ikiwa ni mipangilio ambayo haikuwa imeidhinishwa. Na mnakumbuka ule mkataba wa Elon Musk, kwamba angejenga betri kwa siku 100 au iwe bure? Ilikuwa ya jimbo hili. Betri ya Hornsdale, megawati 100, ilianza kazi tarehe 1 Desemba 2017. Wiki mbili baadaye, usiku, mtambo wa makaa wa megawati 560 kule Victoria ukajitoa ghafla, na ile betri, mbali kabisa, ikaanza kusukuma umeme kwa sehemu ya sekunde kabla mitambo mikubwa haijaamka. Ilitoa megawati 7 na kidogo tu. Kiasi kile kilikuwa kidogo. Watu walishangaa haraka yake.

Kitu ninachokipenda zaidi kilikuja mwaka 2021. Jimbo lilisimika mashine nne kubwa zinazoitwa kondensa sinkroni, mbili Davenport karibu na Port Augusta na mbili Robertstown. Hazichomi mafuta, hazichomi makaa. Ni magurudumu mazito yanayozunguka tu, mchana na usiku, yakifuata mdundo wa hertzi 50, ili uzito uwepo siku ya shida. Baada ya kompyuta zote, watu wamerudi kununua chuma kinachozunguka! Na mwaka uliofuata, 2022, betri ya Hornsdale ikaruhusiwa kutoa inersia ya kuigiza, yaani programu inayoifanya betri ijibu kama rota nzito. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa jimbo lile kwa mwaka unatoka kwa upepo na jua. Hawakuuacha upepo.

Mtu ataniuliza: sisi tunahusika wapi? Mimi sijawahi kuona shamba la upepo hapa kwetu, tuna maji. Lakini jirani tayari yuko ndani. Kenya ina mitambo 365 kule Ziwa Turkana, megawati 310, na umeme wake unasafiri zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilizimika. Shirika la kusambaza umeme likasema umeme wa Turkana ulipotea kwanza. Kampuni ya Turkana ikasema ni voltaji iliyopanda kwenye mtandao iliyowalazimisha kujitoa. Mnasikia? Nani alitoka kwanza, na kwa namba gani. Nasi hapa Kivu hatuko peke yetu kwenye waya: Ruzizi II, tangu 1989, ni ya nchi tatu, Congo, Rwanda na Burundi. Mitandao inazidi kuungana, na paneli za jua zinaongezeka, nazo zina elektroniki ile ile isiyo na uzito. Kuna namba ndani ya zile sanduku pia. Wenzetu wa politekniki mnaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo, nendeni mkaziulize.

Kule uwandani, mota imerudi. Tulinunua disjonkta mpya na kifaa kidogo kinachosubiri umeme utulie dakika tatu kabla ya kuwasha tena. Safari hii sikuamua peke yangu. Tulikaa na wamama tukazungumza: ikiruhusiwa kujaribu mara nyingi, foleni inasonga lakini mota iko hatarini, ikiruhusiwa mara chache, mota inapona lakini mihogo inalala. Walibishana karibu saa nzima. Walichagua mara tatu kwa saa, kisha mashine inalala mpaka fundi aje. Mwenyekiti akaomba chaki, akaandika ile 3 kubwa kwenye mlango, mahali ambapo kila mtu anayeleta fungu lake ataiona kabla hajatua mzigo.